Punda Aliyeombwa Radhi

Hapo zamani, katika mji ambao ukungu wake haukuondoka hata adhuhuri, palikuwa na chuo cha utabibu wa wanyama. Mwalimu wake, Maalim Famau, alikuwa na punda jike asiye na ugonjwa wowote, jina lake Lulu. Kila mwanafunzi alimpasua Lulu ubavu, akamshona, akamwuguza hadi akapona. Na kabla ya kisu, ilikuwa ada kumnong'oneza sikioni: "Niwie radhi."

Zamu ya Somoe ilipofika, alinong'ona, kisha akangoja.

"Wangoja nini?" akauliza Maalim.

"Jibu lake, Maalim."

Wenzake wakaangua kicheko. Badi, hodari kuliko wote, akasema, "Dada, akikujibu, muulize kama mimi amenisamehe!"

Somoe akaweka kisu chini. "Mwache apumzike, Maalim."

"Niletee mnyama wa kushika nafasi yake, nami nitamwachilia."

Somoe hakuwa na mnyama. Akajifunza kwa mizoga ya ng'ombe waliokufa kwa uzee na maradhi. Badi alihitimu kwa mwaka mmoja. Somoe kwa miaka minne, na katika miaka hiyo aliwarudisha wanyama wagonjwa wengi asioweza kuwatibu, wengine wakafia njiani. Kila alipolala alimwona Lulu akitembea juu ya ukungu, makovu yake yamenyooka kama mistari ya khati ambayo Somoe peke yake hakuweza kuisoma.

Asubuhi moja akaja chuoni Bi Kauthara, mjane mwenye ng'ombe mmoja tu. Ndama alikuwa amekwama tumboni. Somoe akagusa ngozi kwa kisu. Damu ya moto ikamwagikia vidole vilivyozoea baridi ya mizoga, naye akaganda. Badi, ambaye sasa alikuwa msaidizi wa Maalim, akampokonya kisu, akapasua, akamtoa ndama yu hai. Lakini aliposhona mji wa uzazi, mkono wake uliozoea ngozi ngumu ya Lulu uliuchana kila alipovuta uzi. Somoe akapiga magoti, akashona polepole kama alivyowashona wafu. Ng'ombe akapona.

Bi Kauthara akasema, "Ndama ni wa aliyeniponyea ng'ombe wangu."

"Ni wangu," akasema Badi. "Bila kisu changu wangalikufa wote wawili."

"Ni wangu," akasema Somoe. "Bila uzi wangu mama yake asingalisimama. Nami nitamtoa ashike nafasi ya Lulu, ili Lulu aachwe."

"Na ninyi mlitoka mikononi mwa nani?" akauliza Maalim.

"Basi mpeni punda aliyepasuliwa kwanza!" akasema mjane.

"Punda afuge ndama?" Maalim akacheka, wala hakupata wa kucheka naye.

Somoe akainama sikioni mwa ndama ili amwombe radhi, na ulimi ukawa mzito. Nje, ukungu ulifunguka kidogo. Lulu alikuwa amesimama, akingoja.

Enyi mliotega masikio, hukumuni ninyi: nani alistahili ndama yule? Badi aliyepasua, Somoe aliyeshona, Maalim aliyefundisha, au Lulu, aliyeumia kabla yao wote?