Mama Nyangeta Ahamie kwa Nani?

Sogeeni karibu, maana kesi hii mimi imenishinda.

Huko Musoma aliishi mjane aitwaye Nyangeta, aliyekausha samaki kwa moshi tangu usichana wake. Alikuwa na watoto watatu. Mafuru, wa kwanza, akiambiwa haiwezekani hakubali. Tabu, binti wa pekee, huona yanayowapita wengine. Magesa, kitinda mimba, ni fundi. Hakuna mashine iliyowahi kumshinda.

Ule moshi ulimharibu mama mapafu. Akawa hawezi kufika mlangoni bila kuketi, na miguu ikavimba. Zahanati walisema ni pumu, kwingine wakasema ni uzee. Mafuru alikataa. Alizunguka naye hospitali baada ya hospitali hadi moyo wake ukapimwa. Daktari akaeleza kwamba mishipa ya mapafu imebana, presha humo imepanda, na moyo unachoka kusukuma damu. Ipo dawa ya kulegeza mishipa hiyo, ila kwa mapafu yaliyochakaa hivyo yaweza kusaidia au kudhuru. Wataijaribu, lakini aangaliwe sana.

Mafuru aliifuata dawa hadi Mwanza. Mama alipoanza kuimeza, nyumba nzima ilifurahi, isipokuwa Tabu. Aliona midomo ya mama inageuka rangi ya zambarau, na maneno anayaanza hayamalizi. Wakati wa kidonge kingine ulipofika, akakifumbata mkononi.

"Nipe hicho," Mafuru alisema. "Unataka mama afe?"

"Hiki ndicho kinachomuua, kaka. Tumpigie daktari kwanza."

Daktari akaagiza aletwe haraka. Kipimo cha kidoleni kilionyesha oksijeni imeshuka vibaya: dawa ilikuwa inapeleka damu kwenye sehemu za mapafu zisizopata hewa. Ikasimamishwa, na mama akaazimwa mashine ya oksijeni ya kutumia nyumbani.

Hawajakaa sana, umeme ukakatika. Mashine ikanyamaza, mama akaanza kuhangaika. Magesa alikimbilia gereji yake, akaburuta betri za lori na inveta ya kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani, akaunganisha nyaya, mama akizidi kulegea mapajani mwa Tabu. Mashine ikanguruma tena.

Sasa Nyangeta anafika mlangoni mwenyewe, mrija puani, akisalimiana na wapita njia. Ila kwenye moshi harudi, wala hawezi tena kuishi peke yake. Lazima ahamie kwa mtoto mmoja. Wote wamemwandalia chumba. Mafuru anasema bila yeye ugonjwa usingejulikana. Tabu anasema dawa ingemmaliza. Magesa anauliza, oksijeni bila umeme ingekuwa nini?

Mama alipoulizwa, aliwatazama mmoja mmoja. "Nikimtaja mmoja," alisema, "nimewafukuza wawili."

Basi amueni nyinyi mliosikia: kitanda cha mama kipelekwe nyumba ipi?