Jana Iliyobandikwa Ukutani

Jana ya gazeti haizeeki. Nimelisema hilo mjukuu wangu Eliapenda alipotuonyesha kwenye simu mafuriko ya "jana" na huku nje ni vumbi tupu, na sasa mmenikazia macho mkitaka kujua nimelitoa wapi. Haya, simu chini. Methali hii ilianzia kwa jirani yangu, Mama Mbonea, nami nilikuwepo.

Alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja tu, Mbonea. Nyumba yake ya udongo ilibandikwa magazeti kwa ndani kuzuia upepo wa mlimani, kama nyumba zetu zote. Tuliyabandika kwa uji wa unga, mengine kichwa chini, maana nani alikuwa anasoma? Kwetu gazeti lilikuwa ukuta.

Kisha kikaja kisomo cha watu wazima, na Mama Mbonea akakishika kwa pupa. Akawa anasoma kila kitu: mfuko wa chumvi, kibao cha zahanati, hata kanga za wenzake migongoni. Tulimcheka, lakini wivu tulikuwa nao.

Siku moja Mbonea alipanda lori la tangawizi kwenda mjini. Kesho yake mama yake akasogeza kabati afagie, akakuta nyuma yake, ukutani, gazeti ambalo hajawahi kulisoma. Lilikuwa limepinduliwa. Akainamisha kichwa mpaka shingo ikamuuma, akasoma kwa kidole, silabi kwa silabi: lori la tangawizi lilitumbukia korongoni jana, watu wote wanne waliokuwemo wamekufa.

Kilio alichopiga sijakisahau. Tulikimbilia kwake, akatusomea, nasi tukachanganyikiwa. Mmoja akauliza habari imefikaje ukutani kabla ya kufika kijijini. Mwingine akajibu kwamba gazeti ni la serikali, na serikali ina njia zake. Mimi nilijua ukuta ule ulikuwepo kabla sijaolewa, lakini neno lilikuwa pale, jana, na jana ndiyo siku aliyoondoka Mbonea. Tena mtu analia namna ile utamhoji vipi? Tukatandika mikeka, tukainjika maharage. Mzee Kiangi, shemeji yake, akaanza kukusanya vijana wa kwenda kutafuta maiti.

Ndipo Mbonea akaingia uani, amebeba mfuko wa chumvi begani.

Watu wakarudi nyuma. Mzee Kiangi akainua fimbo.

"Wewe ni nani?"

"Baba mdogo, hunijui?"

"Nakujua. Ndiyo maana nauliza."

"Nani amekufa hapa?" Mbonea akauliza.

"Wewe," akajibiwa.

Mama yake alimshika uso, akamshika mabega, akamburuta mpaka nyuma ya kabati. Mbonea alitazama lile gazeti.

"Mama, hili nililibandika mimi na marehemu baba. Hata meno ya utoto nilikuwa sijamaliza kung'oa."

"Limesema jana."

"Ilikuwa jana, mama. Siku ile lilipoandikwa."

Hapo tukacheka. Tulicheka kwa furaha na kwa aibu, mpaka Mzee Kiangi akajifuta machozi kwa kofia. Mama Mbonea peke yake hakucheka. Alikuwa bado amemshika mwanawe mkono, na macho yameganda ukutani.

"Na hawa wanne?" akauliza. "Wao walirudi?"

Akaweka kiganja juu ya ile karatasi.

"Mama zao nao wana jana. Yangu imeisha leo jioni."

Akatuambia tusikunje mikeka. Tukala maharage yale, tukawaimbia wimbo mmoja wa maziko watu ambao hatukuwajua hata majina, kisha tukarudi makwetu.

Siku hizi mkiisema methali hii mnamcheka mtu aliyeshtushwa na habari kuukuu, na hiyo ni sawa, acheni achekwe. Lakini Mama Mbonea aliisema jioni ile akiwa ameweka kiganja juu ya ile karatasi, analia: jana ya gazeti haizeeki.