Jemadari Aliyefukua Kisima cha Araka

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika nchi moja ndugu wawili waligombea utawala wa baba yao, na watu wakauana kwa miaka minne. Mdogo alipouawa, majeshi yake yakaanza kusalimu amri moja baada ya jingine: kwanza watu wa bondeni, kisha wapanda farasi. Likabaki jeshi la ngome ya mlimani, chini ya jemadari Sinani bin Wahbi, mtu mcha Mungu.

Mshindi akapeleka ujumbe kwamba kila atakayeweka silaha chini atapewa amani, isipokuwa aliyeamuru kisima cha kijiji cha Araka kifukiwe, hata watu kumi na wawili wakafa kwa kiu. Amri ile aliitoa Sinani mwenyewe. Askari wake wakamsihi amtaje naibu wake Harithi, aliyekwisha kufa vitani, kwani maiti haogopi adhabu ya sultani.

Sinani akawajibu, "Harithi alinizuia siku ile, nami sikumsikiliza. Nikimsingizia leo, kesho mbele ya Mola wangu nitamtazama vipi?"

Askari wakashuka, wakarundika panga na mikuki langoni, wakashika njia za makwao. Hakuna aliyemngoja. Sinani akaswali rakaa mbili katika ngome tupu, akisikia sauti yake ikimrudia kutoka kutani, kisha akateremka peke yake, akakiri mbele ya sultani.

Hukumu ikaachiwa watu wa Araka. Wengi walitaka kichwa chake. Bi Raita, mjane aliyezika wanawe wawili, akasema, "Damu yake hatutaweza kuinywa. Mwacheni akifukue kisima."

Akafukua siku arubaini. Kila asubuhi aliwatolea salamu wapitao, wala hakuna aliyeitikia. Alikula peke yake kando ya shimo, na hakumlaumu mtu. Maji yalipotoka, watu wakajaza vyombo vyao, wakaondoka kimya. Bi Raita akawa wa mwisho. Sinani, ametapakaa matope, akamsalimu kama alivyozoea.

Mama yule akajaza mtungi wake. Kisha akasema, "Waalaikumu salamu," akajitwika mtungi wake, akaenda zake.

Yasemwa Sinani alilia zaidi siku hiyo kuliko siku ya kushindwa.

Ndugu zangu, askari wale wote walipata amani yao mchana mmoja. Huyu alifikia yake kwa siku arubaini, nayo ilikuwa jibu la salamu tu. Mola atujaalie ukweli wa kuistahiki, na subira ya kuingoja.