Mtamba wa Pasipoti

Hapo zamani, si ile ya sungura na fisi, ni hii ya karibu ambapo pasipoti bado zilitiwa saini kwa kalamu, aliishi Tukuyu mwanamke aitwaye Tumpale. Kaeni vizuri, maana mwishoni nitawaachia kazi.

Tumpale alikuwa na binti mmoja, Subilaga, aliyelazwa hospitali huko India, figo zote mbili zimekwisha. Wajomba walipimwa, binamu walipimwa, figo iliyokubali ni ya mama yake tu. Upasuaji ulipangwa Jumatatu. Tiketi ya ndege ilikuwa ya Ijumaa. Siku ninayoanzia ilikuwa Jumanne, na Tumpale hakuwa na pasipoti, wala cheti cha kuzaliwa cha kuombea hiyo pasipoti. Akikaa, anasimama. Akisimama, anakwenda mlangoni kuangalia barabara, utadhani pasipoti ingekuja yenyewe kwa miguu.

Ofisi ya pasipoti mkoani walimwambia hivi: asiye na cheti alete mtu aliyeshuhudia kuzaliwa kwake, aje aape, na wasimame wote wawili dirishani. Tumpale akaanza kuwataja mmoja mmoja. Mama amekufa, baba amekufa, mashangazi wamekufa. Aliyebaki hai ni mzee Angolwisye, ambaye ujanani alisaidia kumbeba mama yake Tumpale kwenye machela siku ya uchungu. Naye mzee Angolwisye ndiye baba mkwe wake.

Ninyi msiojua desturi ya Wanyakyusa wa zamani mtasema, sasa shida iko wapi? Shida ni kwamba mke haonani na baba mkwe. Akimwona njiani, anaingia migombani mpaka apite. Jina lake halitamki. Kwa miaka ishirini na tisa Tumpale alimjua mkwewe kwa kikohozi tu. Na jina la mzee ndilo lililoandikwa kuwa jina lake la mwisho kwenye cheti cha ndoa, kwa hiyo mama wa watu hata jina lake mwenyewe hakuwahi kulimaliza.

Mumewe alipeleka ombi kwa baba yake. Mzee aliiacha chai ikapoa, kisha akaagiza viatu vyake.

Jumatano wakasimama dirishani, Tumpale kajifunika kanga hadi machoni, mzee kageukia ukutani. Ofisa aliyekuwa zamu, kijana wa heshima aitwaye Nehemia, akamwomba mama ataje jina lake kamili. Akasema, "Tumpale." Akanyamaza. Ofisa akauliza, Tumpale nani? Kimya. Foleni nyuma ikaanza kunung'unika. Tumpale akamwona mwanawe akilini, yuko kitandani, na mdomo bado ukagoma.

Mzee akakohoa, akageuka.

"Anaitwa Tumpale Angolwisye," akasema. "Nilikuwepo siku aliyozaliwa. Litaje, mwanangu. Mimi mwenyewe nimekuruhusu."

Akalitaja.

Alhamisi karatasi zilikamilika, isipokuwa saini ya mkubwa wa ofisi, na mkubwa alikuwa msibani wilaya nyingine hadi Jumatatu. Tumpale aliketi kwenye benchi, akasimama, akaketi tena. Nehemia alimtazama, akafunga dirisha watu wakiwa kwenye foleni, akapanda pikipiki yake. Alimkuta mkubwa wake katikati ya waombolezaji, akampa karatasi na kalamu. Mkubwa alisaini kwa aibu na hasira. Jioni Tumpale alikuwa na pasipoti mkononi, na wiki ile ile Nehemia alipewa barua ya uhamisho kwenda mpakani, mbali sana.

Ijumaa, uwanja wa ndege. Tumpale alijipapasa kiunoni, pasipoti ipo. Hatua tatu, akajipapasa tena, ipo. Mhudumu akaangalia pasipoti, akaomba kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano. Tumpale akamwaga kikapu chote sakafuni. Kadi haipo. Aliiacha juu ya kabati. Akaambiwa asogee kando, wenzake wapite.

Nyumbani, aliyeiona kadi ile ni Sekela, mke mwenzake. Hao wawili walichangia mume, chumvi hawakuchangia. Na asubuhi hiyo ng'ombe pekee wa Sekela alikuwa akizaa vibaya, mguu wa nyuma wa ndama umetangulia. Sekela alimtazama ng'ombe, akaitazama kadi, akakimbilia lori la ndizi. Alifika uwanjani miguu mitupu wakati abiria wa mwisho anapita. Hawakusalimiana. Alimpa kadi, basi. Aliporudi, ng'ombe amekufa na ndama amekufa.

Subilaga alipona. Tumpale aliporudi salama, binti akawaagiza wajomba watoe mtamba mmoja mwenye mimba, na neno lake lilikuwa fupi: mama ampe yule aliyemfikisha kwangu. Ni mtamba mmoja, wala wajomba hawakuwa na wa pili.

Wakakutana uani, Tumpale na wale watatu waliomfikisha. Tumpale akashika kamba.

Nehemia, aliyesafiri siku mbili kutoka mpakani, akasema, "Mama, nilikufikisha kwa mwanao, nikatenganishwa na mama yangu. Yuko peke yake na anaumwa. Maziwa ya ng'ombe huyu yangemshikilia nisipokuwepo. Bila saini, kiapo cha mzee kingebaki karatasi."

Sekela akasema, "Kiapo ulikuwa nacho, saini ulikuwa nayo, na bado ulisimamishwa kando. Mimi ningeweza kukaa na ng'ombe wangu na hakuna ambaye angenilaumu. Wanangu sasa wanakunywa chai ya rangi."

Mzee Angolwisye alizungumza kutoka nyuma ya migomba, kwa sababu desturi aliivunja mara moja tu.

"Wazee wa rika langu hawaketi nami," akasema. "Nikifika, wanainuka. Wamesema mpaka nitoe ng'ombe wa kusafisha kosa, nami sina. Nikifa hivi, hawatanizika. Hawa wawili walikimbia, mwanangu, lakini wangekimbilia nini bila jina lile?"

Tumpale alitaka kulia. Alimpenda kila mmoja wao saa ile, hata Sekela, na kila mmoja alimwonea aibu. Akapiga hatua kuelekea migombani, akasimama. Akamgeukia Sekela, akasimama. Akamwangalia kijana wa watu, vumbi la safari bado liko kwenye suruali.

Mimi kazi yangu imeishia hapo, msinitazame mimi. Mtamba mmoja, watu watatu, na kamba iko mkononi mwa Tumpale. Je, nani alistahili?