Kiti cha Kushoto

Mhunzi hushika chuma cha moto kwa koleo. Koleo likivunjika, moto haujazimika wala ujuzi haujamtoka mikononi. Lililobaki ni kutafuta njia nyingine ya kukishika chuma. Jambo hili ni rahisi kulisema. Kipkurui wa Roret alilijua baada ya kuumia.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, madereva wengi wa mbio za magari katika nchi ya chai walimwonea gere Kipkurui. Alizijua barabara za udongo mwekundu za Kericho na Bomet kama mtu ajuavyo ua wa nyumba yake. Kando yake, katika kiti cha kushoto, aliketi rafiki yake Oyaro, fundi wa magari ambaye wazazi wake walihamia huko kutoka Kisii kufanya kazi katika mashamba ya chai. Kazi ya Oyaro ilikuwa kumsomea njia kutoka daftarini: kona gani iko mbele, ni kali kiasi gani, daraja liko wapi. Umati ulipowalaki mwisho wa mbio, jina lililoimbwa lilikuwa moja tu, la Kipkurui. Oyaro hakulalamika.

Mwaka wa 1993, karibu na Kedowa, gurudumu la mbele lilipasuka wakiwa katika kasi kubwa. Gari lilibingirika hadi bondeni. Oyaro alitoka na michubuko. Kipkurui alitolewa amezirai, mguu wa kulia umevunjika vibaya. Alilazwa katika hospitali ya Kaplong kwa muda mrefu, akatiwa chuma mguuni, na alipotoka, goti lake halikukunjika tena sawasawa.

"Nitarudi," alimwambia kila aliyekuja kumjulia hali.

Mkewe, Cherotich, alilisikia neno hilo hadi likamchoma. Siku moja alimwambia, "Baba Chebet, Mungu amekurudishia uhai. Sasa wewe unataka kumrudishia?"

 Kipkurui alipoweza kutembea bila mkongojo, alimwomba Oyaro funguo bila mkewe kujua, wakaenda kulijaribu gari, ambalo Oyaro alikuwa amelitengeneza upya, katika barabara ya ndani ya shamba la chai. Mteremko wa kwanza ulipita salama, naye akatabasamu kama zamani. Kwenye kona iliyofuata alitaka kufunga breki. Mguu haukukataa, ulichelewa tu, kama mzee anayeitwa mlangoni. Gari likatoka barabarani, likaparamia michai na kusimama.

Wachuma chai walikuwa wamesimama, vikapu mgongoni, wakiwatazama. Mmoja wao, mama aliyeitwa Nyakerario, hakuwa na kikapu. Chake kilikuwa kimelaliwa na gurudumu.

"Kijana," alisema kwa sauti ya chini, "nilikuwa nimeinama hapo sasa hivi."

Kipkurui alishuka. Alimwomba mama yule msamaha, akampa Oyaro funguo, kisha akaenda nyumbani kwa miguu, akichechemea njia nzima.

Tangu siku hiyo alikuwa kimya kama maji ya mtungi. Alikama ng'ombe, akakata majani, akalala mapema. Redio ilipotaja mbio za magari, aliizima. Cherotich, aliyekuwa ameomba kwa muda mrefu mumewe aache mbio, alishangaa kuona kwamba hakufurahi. Aliyerudi kutoka hospitalini alikuwa mumewe. Huyu aliyerudi kutoka shambani hakumjua.

Asubuhi moja mwaka wa 1995, Oyaro alimkuta zizini.

"Mwezi ujao kuna mbio huku Bureti," alisema. "Nimejiandikisha kama dereva. Sina wa kunisomea njia."

"Tafuta kijana mwenye macho mazuri."

"Nakutaka wewe."

Kipkurui alicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kichungu kama shubiri. "Mimi niketi kushoto, nikusomee kona kama mtoto wa darasa la kwanza?"

 "Mimi niliketi pale miaka sita," Oyaro alisema. "Nilikuwa mtoto?"

 Miaka yote hiyo Kipkurui hakuwahi kujiuliza ilikuwaje kuketi pale, mikono mitupu, huku maisha yako yameshikwa na mtu mwingine.

Cherotich alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni. "Shemeji, breki iko kwa nani?" aliuliza.

"Iko kwangu."

Cherotich aliitikia kwa kichwa. "Basi mchukue. Lakini umrudishe."

Siku ya mbio ilipofika, mambo hayakuanza vizuri. Mguu mbovu wa Kipkurui ulikanyaga sakafu kila mara, ukitafuta breki isiyokuwapo. Aliisoma kona moja kwa kuchelewa, nyingine akaisoma kwa hofu, akasema ni kali kuliko ilivyokuwa. Walipoteza muda mwingi.

"Unataka kuendesha kwa mdomo," Oyaro alimwambia walipopumzika. "Wewe nisomee tu. Mimi nitaendesha."

Awamu ya mwisho ilipoanza, mawingu yaliyokuwa yakijikusanya tangu saa nane yalipasuka. Ikaanguka mvua ya mawe. Barabara ikawa nyeupe na kioo cha mbele kikafunikwa. Gari lililowatangulia lilikuwa limelala mtaroni, dereva wake akiwapungia mkono kuonyesha kwamba yu mzima.

"Sioni," alisema Oyaro, akipunguza mwendo hadi karibu kusimama. "Tuache?"

Kipkurui alitazama nje kupitia dirisha la kando, akaiona michai ikipita. Alipajua pale.

"Usiache. Nenda polepole. Shika ukingo wa kulia, kuna kokoto, gurudumu litapata pa kukamata. Vizuri. Sasa kushoto, ni kona ndefu. Usifunge breki, liache lijishike lenyewe. Daraja linakuja. Nyoosha."

Sauti yake ilikuwa tulivu. Yote aliyojifunza akiwa kwenye usukani yalimtoka sasa kwa njia ya kinywa, neno baada ya neno, na gari likafuata. Walipovuka daraja ndipo alipotambua kwamba mguu wake ulikuwa umetulia.

Walimaliza wa pili, kwa kuwa wengi walikuwa wamekwama njiani kwa mvua. Watu walikimbilia mlango wa kulia, wakamtoa Oyaro, wakambeba juu juu wakiliimba jina lake. Kipkurui alibaki ameketi kushoto, akisikiliza, na hakuona wivu. Mlango wa upande wake ulifunguliwa. Alikuwa Cherotich, amelowa chapachapa.

"Mguu unauma?" aliuliza.

"Unauma."

"Na mbio zijazo utaenda?"

"Nitaenda. Lakini kiti changu ni hiki."

Cherotich alimpa mkono, akamsaidia kushuka. Kweli, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.