Mche wa Nyuma ya Jiko

Hapo zamani, wanangu, Nyati walipokuwa wakilima mtama na kukaa barazani kama watu, alikuwako mama mmoja kijana, Digidigi, na mwanawe Tumu. Moto uliteketeza kichaka chao, na Chui akakaa njiani akimla kila anayerudi. Nyati wakawaambia, "Karibuni, kaeni kwetu kwa muda."

Wakakaa. Digidigi akapanda nyuma ya jiko mche aliotoka nao kwao. Tumu akaota vipembe hapo hapo ugenini.

Asubuhi moja, puuu! Baragumu. Ngiri, tarishi wa Nyati, akapita akipaza sauti: "Muda wa wageni umekwisha! Mtama ukishavunwa, kila mgeni arudi kwao!"

Moyo wa Digidigi du-du-du! Akakunja mkeka, akafunga chungu, akakifungua, akakifunga tena.

"Tumu, sikiliza, wakinikamata mimi, wewe unakwenda wapi?"

"Kwa shangazi Kanga."

"Unapita wapi?"

"Mtoni, si kwenye njia ya Chui."

"Sema tena."

"Aa, mama! Nimeshasema!"

Ndipo Digidigi alipokumbuka mila ya nchi ile: mwenye chakula shambani hafukuzwi mpaka avune. Mbio, tipu tipu tipu, mpaka barazani kwa Nyati mkuu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Hujafunga mzigo?"

"Nimefunga, babu, mkeka, chungu, kila kitu, ila nina kamche kangu nyuma ya jiko, sijavuna, nikimaliza kuvuna tu naondoka, hamtaniona tena!"

Baraza zima likaangua kicheko. "Kamche kamoja!" akasema Ngiri. "Hata panzi hashibi!"

"Mila ni mila," akasema Nyati. "Naapa kwa pembe zangu, mama Tumu: hutoki mpaka mavuno ya mche wako yaishe."

Nyati hawakujua zao jingine ila mtama. Ukikatwa, umekwisha.

Mtama ukavunwa. Ngiri akaja, hodi hana. "Haya, mama, siku imefika!"

"Karibu, kaka. Ndiyo kwanza navuna." Chwaa! Akakata shina, akashusha mkungu wa ndizi, akampa Ngiri mbivu mbili. Ngiri akala, akajilamba.

"Tamu! Sasa toka."

"Tazama shinani, kaka."

Ngiri akainama. Ubavuni mwa shina lililokatwa palisimama mgomba mwingine, mkungu unaning'inia. Chini yake mtoto wa mgomba. Chini ya mtoto, kichwa cha kijani kinachungulia udongoni.

"Lo! Babu, njoo uone!"

Nyati akaja, akazunguka mgomba kwa kishindo. "Huu unaisha lini?"

"Hata mimi nangoja, babu," akajibu Digidigi.

Nyati akapapasa pembe zake alizoapia. Akakohoa. "Basi nipe ndizi moja."

Alipoondoka, Tumu akaanza kufungua mzigo.

"Unafanya nini, wewe?"

"Nataka mkeka wangu, mama. Nina usingizi."

Nanyi wanangu, hofu ikiwajia fungeni mzigo, lakini fikirini kwanza kabla ya kuubeba.