Sita na Tisa za Kanga

Paukwa! Pakawa! Itikieni kwa nguvu, wakubwa kwa wadogo, maana hadithi hii kila nikiisimulia inanitia hasira.

Zamani hizo wanyama walikuwa na shule. Kanga alisoma siku moja tu. Aliambiwa ahesabu, akahesabu: moja, mbili, tatu, nne, tano, tisa. Darasa zima kwa! kwa! kwa! Mwalimu naye akacheka. Mwalimu mzima! Kanga akatoka, hakurudi. Hata alipokuwa mtu mzima, akisikia hesabu zinatajwa alikuwa anainamisha kichwa.

Akataga mayai tisa. Mlinzi wa viota alikuwa Kenge, aliyepewa kazi hiyo eti kwa sababu anajua kuhesabu mpaka mia. Kanga akaenda kula, akarudi. Akaona kiota kimepungua. Akasema kwa woga kwamba aliacha tisa.

"Uliacha sita, Mama Kanga," Kenge akamjibu. "Wewe na sita na tisa, tangu lini mkaelewana?"

Wanyama wakacheka tena. Na Kanga, jamani, akaamini. Kaibiwa yeye, na radhi akaomba yeye!

Nungunungu, jirani yake, hakucheka. Alimwuliza kama hao wanaomcheka waliwahi kumfundisha. Kanga akasema hapana, na sasa kichwa chake kimezeeka, hakishiki kitu. Nungunungu akakasirika. Akang'oa miiba yake mwenyewe.

"Yai moja, mwiba mmoja," akasema. "Chomeka ardhini, jirani."

Kanga akachomeka. Chwi, moja. Chwi, mbili. Alipofika tano akasita. Chwi. Akasema, "Sita." Wakarudia kutwa, wakaongeza punje za mtama, mpaka tisa, wingi uleule wa mayai aliouacha kiotani siku ya kwanza.

Kesho yake akaenda kula, akarudi. Miiba sita, mayai matano. Kenge, kiini cha yai kikimkauka mdomoni, akasema yalikuwa matano tangu mwanzo.

"Yalikuwa sita," Kanga akasema, na kichwa hakuinamisha. "Hesabuni miiba. Na siku ile yalikuwa tisa."

Wanyama wakahesabu, mmoja mmoja. Safari hii hakuna aliyecheka. Wakamfukuza Kenge kwa mateke mpaka ng'ambo ya mto.

Vifaranga wakaanguliwa watano. Wangekuwa tisa. Wale wanne hawakuliwa na Kenge peke yake, waliliwa na kicheko cha wote.

Basi mjue: kukosea hesabu si kukosa akili, na mtu mzima hujifunza akipata wa kumfundisha asiyemcheka. Hadithi yangu imekomea hapo. Aliyezoea kucheka wenzake, asimame sasa atuhesabie.